Kipeperushi Kisichopitwa na Wakati Wino Ukiwa Mbichi: Vidokezo kwa Wasanifu wa Dzaleka na Mtandire

Kipeperushi cha karatasi bado kina kazi Lilongwe. Hakihitaji bando, hakisubiri umeme wa ESCOM urudi, na aliyekisoma anaweza kumpa jirani. Ubaya wake ni mmoja: kikishachapwa hakifutiki. Ujumbe wa WhatsApp uliokosewa unaufuta na maisha yanaendelea. Nakala 500 zilizokwisha gawiwa sokoni utazifuata wapi?

Na Malawi ya miaka hii mambo hayatulii. Mei 2022 kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 25; Novemba 2023 ikashushwa tena, safari hii kwa asilimia 44. Katikati ya hayo, Machi 2023, serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini Dzaleka ifikapo tarehe 15 Aprili, na mwezi Mei polisi wakaanza kuwakamata na kuwarudisha kwa nguvu. Chukua kipeperushi cha Januari 2023 chenye anwani ya duka la Lilongwe na orodha ya bei: kabla ya mwaka kwisha kilikuwa karatasi ya kufungia maandazi.

Kwa hiyo, wewe mwenye laputopu, mteja mkononi na hamu ya kuanza kuchora, soma haya kwanza.

1. Uliza kabla ya kuwasha kompyuta

Mteja akija hukuambia anataka "kitu kizuri, chenye rangi". Hilo si agizo, ni salamu. Mketishe, kisha muulize: "Mama, mtu akikupigia simu kesho asubuhi kwa sababu ya karatasi hii, ungependa aseme nini?"

Tuseme yeye ni fundi cherehani. Atafikiri kidogo, kisha atajibu: "Aulize sare za shule." Hapo umepata kipeperushi chako. Anashona pia mapazia, magauni ya harusi, na anafundisha wasichana watatu, lakini sare ndizo zinazomlisha, na sare ndizo zitakazokaa mbele. Mengine yatapata mistari miwili kwa nyuma.

Akijibu "kila kitu", usikubali. Muulize ni kipi kilimletea pesa nyingi mwezi uliopita. Hakuna mfanyabiashara asiyejua jibu la swali hilo.

2. Wewe si karani wa kunakili

Mteja atakuletea karatasi tatu zilizoandikwa kwa mkono pande zote: historia ya kikundi tangu Uvira, Kongo, majina ya kamati nzima, aya ya shukrani kwa Mungu na kwa mwenyekiti. Ukiyapanga yote kama yalivyo, umefanya kazi ya kuchapa, si ya kusanifu.

Yupo mwanamke mmoja ambaye wasanifu wa kambini wangefaa kumjua. Marie Neurath alizaliwa Ujerumani, akafanya kazi Vienna, akakimbilia Uholanzi mwaka 1934, na Mei 1940 akavuka bahari kwenda Uingereza ndani ya mashua iliyojaa wakimbizi, Wajerumani wakiwa wanaingia. Alipofika alifungwa kizuizini kama mgeni wa nchi adui. Alipoachiwa, yeye na mumewe Otto Neurath wakaanzisha mjini Oxford, mwaka 1942, taasisi ya Isotype, mfumo wa kueleza habari kwa alama za picha, na katika miaka ya 1950 alisanifu vijitabu vya umma kwa ajili ya serikali ya Magharibi mwa Nigeria. Kazi yake kuu haikuwa kuchora. Ilikuwa kukaa kati ya mtaalamu na msomaji, kuamua kipi kiingie na kipi kibaki nje, kisha kumpa mchoraji mpango. Otto alimtetea msomaji kwa maneno na Marie kwa mkasi.

Shika mkasi huo. Kanuni yangu ni kwamba kipeperushi cha mikunjo miwili hakivuki maneno 350, pande zote mbili zikijumlishwa. Mteja atalalamika. Mwache alalamike siku ya kwanza, si siku ya mwisho.

3. Tenga yanayodumu na yanayobadilika

Piga mstari katikati ya ukurasa wa daftari. Kushoto andika yatakayokuwa kweli mwaka mmoja baadaye: jina la biashara, anachofanya, namba ya simu anayoitunza, picha ya kazi yake. Kulia andika yanayoyumba: bei, saa za kufungua, majina ya viongozi, tarehe ya semina, mahali pa duka la kukodi. Ya kushoto yachapwe. Ya kulia yatafutiwe njia nyingine.

Njia zipo. Acha kisanduku cheupe chenye maneno "Bei ya leo" na mteja ajaze kwa kalamu. Msomaji wa Malawi ameshazoea bei kupanda na hatashangaa. Anwani inaweza kugongwa kwa muhuri wa mpira, kwani muhuri mpya ni nafuu kuliko vipeperushi vipya. Tangazo la wiki hii lipelekwe Radio Yetu, redio ya jamii ya hapohapo Dzaleka, ambayo kazi yake ndiyo hiyo.

Msimbo wa QR nao unasaidia, mradi uelekeze kwenye ukurasa au namba ya WhatsApp ambayo mteja anaweza kuibadilisha mwenyewe. Uchape mweusi juu ya nyeupe, usipungue sentimita 2 kila upande, na chini yake uandike namba ya simu kwa tarakimu kubwa, kwa sababu wateja wengi wa yule Mama fundi cherehani wanatumia simu za kitochi.

Tena kuna suala la anwani ambalo si la usanifu. Kama mteja ni mkimbizi na anafanya kazi nje ya kambi, muulize wazi kama anataka mahali pake pajulikane kwa kila atakayeokota karatasi. Akisita, weka simu peke yake.

4. Kunja karatasi tupu kwanza

Chukua A4 moja, ilaze, ikunje mara mbili kama kipeperushi kitakavyokuwa, kisha andika namba kwa penseli kwenye kila uso: 1 ni jalada, na kadhalika. Ifungue. Utaona kurasa hazikai pale ulipodhani.

A4 ina upana wa milimita 297 ikilala. Wengi hugawanya kwa tatu, 99 kila uso, kisha wanashangaa kwa nini ukurasa unaoingia ndani unajikunja na kuvimba. Ukurasa unaofichwa ndani lazima uwe mwembamba kidogo. Kwa upande wa nje, kutoka kushoto, pima 97, kisha 100, kisha 100: ukurasa unaoingia ndani, mgongo, jalada. Kwa upande wa ndani kinyume chake: 100, 100, 97.

Lipo pia jambo ambalo kompyuta haikuonyeshi. Msomaji akifungua jalada, hakutani na upande wote wa ndani. Anakutana na ukurasa wa kwanza wa ndani upande wa kushoto, na kulia kwake ule mwembamba uliokunjwa, ambao kwenye faili lako uko upande wa nje kabisa! Huo ndio ukurasa wa pili kusomwa. Watu huutupia historia ya kikundi. Uutumie kwa jibu la swali ambalo jalada limeliamsha.

5. Jalada lisiseme "Karibu"

Wala "Sisi ni nani". Wala nembo peke yake katikati ya bahari ya bluu. Msomaji wako amekaa kwenye minibasi isiyoondoka mpaka ijae, kapewa karatasi na kijana dirishani, na ana nusu dakika ya kuamua kama ataifungua au ataikalia. "Sare za shule, tayari kabla muhula haujafunguliwa" inafunguliwa. "Umoja wa Washonaji Wenye Maono" inakaliwa.

6. Lugha mbili, basi

Dzaleka ilijengwa kwa watu elfu kumi na kitu na sasa ina zaidi ya 50,000: Wakongo wengi, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na Waethiopia. Kiswahili kinawakutanisha wengi wao, lakini Kifaransa kipo, Kinyarwanda na Kirundi vipo, na nje ya lango Kichewa ndicho chenye nyumba. Mteja mwenye moyo mkubwa atataka lugha zote tano. Matokeo ni herufi za pointi 6 ambazo hakuna anayezisoma kwa lugha yoyote.

Jiulize kipeperushi kinagawiwa wapi. Kikigawiwa ndani ya kambi, Kiswahili kiwe cha kwanza. Kikigawiwa Mtandire, mtaa wa Lilongwe ambako majirani wengi ni Wamalawi, Kichewa kiwe cha kwanza na Kiswahili kifuate. Kikienda kwa wafadhili, Kiingereza. Na kila lugha ipewe upande wake wa karatasi. Usizichanganye mstari kwa mstari.

Kichewa chako cha sokoni hakitoshi kwa kuchapwa. Mpe jirani mzawa akisome, na umlipe, hata kwa chakula cha mchana.

Tamasha la Tumaini ni mfano mzuri wa hesabu hii. Lilianzishwa Dzaleka mwaka 2014 na mshairi Mkongo Menes la Plume, na linakusanya wakazi wa kambi, watu wa Lilongwe na wageni kutoka nje ya nchi, wengine wakilala usiku katika nyumba za wakimbizi. Ukipewa kazi ya kusanifu kipeperushi cha tukio la namna hiyo, usijaribu kuwatumikia wote kwa karatasi moja. Mkazi anataka kujua nani anapanda jukwaani saa ngapi. Mgeni anataka kujua anafikaje, analala wapi, na ampigie nani akipotea. Hizo ni karatasi mbili, na zote mbili zinaweza kuwa ndogo.

7. Kiswahili hakipendi kubanwa pande zote

Ukurasa wa milimita 100, ukiondoa pambizo za milimita 8 kila upande, unabakiwa na 84. Kwa herufi za pointi 10 na nusu hiyo ni takriban herufi 45 hadi 50 kwa mstari. Sasa weka humo "tunawatengenezea" na "yanayopatikana". Ukiamuru mistari inyooke kulia na kushoto, programu itatawanya maneno na kuacha mashimo meupe yanayoteremka ukurasani. Programu nyingi hazijui silabi za Kiswahili, hivyo zikikata neno zitalikata popote: "tunaw-atengenezea". Zima ukataji wa maneno, nyoosha kushoto tu, acha kulia kuwe na meno.

Zima pia masahihisho ya Kiingereza kabla hayajakugeuzia maneno huku umegeuka kumwaga chai.

Usishuke chini ya pointi 10 kwa maandishi ya kawaida. Wenye pesa ya kulipia sare ni watu wa miaka arobaini na kuendelea, na miwani ni ghali.

8. Picha ya mtu ni ya mtu

Hapa nenda polepole. Kambini kuna watu waliokimbia watu wengine, si vita tu. Sura ya mwanamke kwenye kipeperushi kinachozunguka Lilongwe inaweza kumfikia yule aliyemkimbia. Anayepigwa picha aambiwe itachapwa wapi, nakala ngapi, na kwamba ikishachapwa hairudi. Akubali kwa sahihi au kwa kidole gumba, na kwa mtoto aulizwe mzazi au mlezi. Malawi ilipata Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2024, kwa hiyo hili si suala la adabu peke yake. Ruhusa aliyompa mpiga picha wa shirika fulani miaka mitatu iliyopita si ruhusa aliyokupa wewe.

Njia rahisi ni kupiga picha mikono. Mikono ikisukuma kitambaa chini ya sindano inaeleza ushonaji kuliko fundi aliyesimama wima akikodolea kamera kama anapigwa picha ya kitambulisho. Piga bidhaa pia, nje, kivulini, asubuhi, mbele ya ukuta usio na kitu.

Halafu hesabu. Picha ya kuchapa inahitaji pikseli 300 kwa inchi. Kwa hiyo picha yenye upana wa pikseli 1200 inajaza kama sentimita 10, yaani ukurasa mmoja uliokunjwa, na si zaidi. Mwambie mteja asikutumie kwa WhatsApp kama picha bali kama dokumenti, maana njia ya kwanza huibana. Picha ya skrini iliyopigwa kutoka kwenye hali (status) ya WhatsApp ya mtu mwingine, irudishe kwa heshima.

9. Nembo za wakubwa ziache kwa wakubwa

Kila kikundi kilichowahi kupewa semina na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, hutamani nembo ya UNHCR kwenye karatasi yake. Hapana. Nembo na jina la Umoja wa Mataifa vinalindwa na azimio namba 92 la Baraza Kuu la mwaka 1946, na mashirika yake hayaruhusu matumizi bila kibali cha maandishi. Mwambie mteja akaombe kibali. Kisipokuja, andika kwa maneno: "Tulipata mafunzo mwaka fulani", nukta.

Mwenye duka la dawa atakuomba msalaba mwekundu. Huo nao umehifadhiwa na Mikataba ya Geneva ya 1949, na si alama ya dawa. Mpe msalaba wa kijani.

10. Rangi zina vyama

Mwaka wa uchaguzi kama 2025, bluu Malawi ilisomwa kama chama cha DPP kabla ya kusomwa kama rangi, na njano imebaki na UDF, nyekundu na UTM. Fundi cherehani hana haja ya kuonekana anampigia mtu kampeni, na mkimbizi hana haja hiyo hata kidogo. Uliza kwanza, kisha chagua. Kahawia ya udongo haijanikosesha mteja.

Kisha fanya jaribio la fotokopi. Nakala zikiisha, mara nyingi mteja hatarudi kwako. Atakwenda kwenye steshenari iliyo karibu na kupiga fotokopi nyeusi na nyeupe. Igize jambo hilo kabla: geuza muundo wako kuwa wa kijivu kwenye kompyuta uone kama maneno mekundu juu ya kijani bado yanasomeka. Mara nyingi hayasomeki.

11. Mwelekeze mtu kwa vitu anavyoviona

Lilongwe imegawanywa kwa namba za Eneo, na namba hizo hazifuatani ardhini. Kujua kuwa umepita Eneo 47 hakukuambii namba inayofuata. Ndani ya Mtandire, kwenye vijia visivyo na vibao, namba hazikufikishi popote. Watu huelekezana kwa kanisa, kioski cha maji, chigayo (mashine ya kusaga unga), mwembe.

Chora ramani ndogo yenye vitu vitatu tu: kituo cha minibasi, alama moja kubwa, na mlango wa mteja. Chagua alama isiyohama. Kanisa la matofali, sawa. Kibanda cha mawakala wa Airtel Money, hapana, kesho kitakuwa kona nyingine. Tembea njia hiyo mwenyewe na hesabu dakika, kisha andika dakika badala ya mita.

12. Mjue mchapaji kabla ya kumjua mteja

Kuna njia tatu, na kila moja ina idadi yake. Risografu, ile mashine ya mitihani ya shule na ratiba za kanisa, ni ya bei ndogo kabisa kwa mamia ya nakala, lakini ni rangi moja kwa kila mzunguko. Usiidharau: wino mweusi juu ya karatasi ya rangi, ukisanifiwa vizuri, unashinda rangi nne zilizosanifiwa vibaya. Printa ya leza inafaa nakala hamsini au mia moja, na unaweza kubadilisha upendavyo. Ofseti inadai gharama ya mabamba kabla ya nakala ya kwanza kutoka, kwa hiyo inaanza kukulipa ukifika karibu elfu moja.

Nenda ukaulize haya kabla hujasanifu: karatasi gani ipo dukani leo (si ile iliyo kwenye katalogi), mashine ya kukatia iko hapo au wanakata kwa mkono, na nani anakunja. Gramu 80 ni karatasi ya kawaida na maandishi ya nyuma huonekana. 115 hadi 150 inakunjika vizuri. Ukivuka 170 lazima karatasi ipigwe mfuo kabla ya kukunjwa, la sivyo rangi inapasuka kwenye mkunjo.

Faili liwe PDF, fonti zikiwa ndani yake au zimegeuzwa kuwa michoro, maana kompyuta ya mchapaji haina fonti yako na itaweka yoyote iipendayo. Rangi za pembeni zivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3, na maandishi yakae angalau milimita 5 ndani ya mstari huo. Maandishi meusi yawe ya wino mweusi peke yake, asilimia 100. Ukiyajenga kwa rangi nne, karatasi ikiteleza kidogo herufi zinapata kivuli. Kwa programu, Scribus na Inkscape ni za bure, na Scribus inatoa rangi za kuchapia sawasawa. Waliozoea Microsoft Publisher waanze kuhama: Microsoft imetangaza kuwa inaiacha Oktoba 2026.

Msimu wa mvua, funga mzigo kwa plastiki kabla ya kupanda minibasi ya Dowa, wilaya iliko Dzaleka. Karatasi iliyonyonya unyevu hainyooki tena.

13. Prufu isomwe na asiyejua

Wewe umeshayaona maneno hayo mara nyingi mno na jicho lako linasoma unachokumbuka. Mpe mtu wa tatu, ambaye hajui biashara hiyo, na asome kwa sauti mbele ya mteja. Akikwama, badilisha sentensi, usimfundishe kusoma.

Kisha namba za simu. Usizilinganishe kwa macho. Chukua simu na uzipige kutoka kwenye karatasi yenyewe, mteja akiwa ameketi hapo, mpaka simu yake ilie mfukoni. Weka +265 mbele kama kipeperushi kitavuka mpaka, na ndugu wa Mama walioko Kigoma au Bujumbura watakushukuru.

Mteja aweke sahihi na tarehe kwenye prufu, kila upande. Utaona ghafla anaanza kusoma kwa makini.

14. Bei yako nayo ina tarehe ya kwisha

Karatasi na wino vinaagizwa kutoka nje, kwa hiyo bei ya mchapaji hufuata dola. Mtu aliyetoa makadirio tarehe 8 Novemba 2023, wiki ileile kwacha iliposhushwa, bila kuweka muda, aliamka kesho yake akiwa amejichimbia shimo. Andika kwenye makadirio: "Bei hii ni ya siku saba." Tenganisha mistari miwili: usanifu, ambao ni jasho lako, na uchapaji, ambao ni pesa za mtu mwingine zinazopitia mkononi mwako. Pesa ya uchapaji ilipwe yote kabla. Ya usanifu mnaweza kuigawa mara mbili. Usinunue karatasi ya mteja kwa pesa yako, hata akiwa shangazi.

15. Simama kwenye mashine

Omba uione karatasi ya kwanza kabla ya zile nyingine kutoka. Ikunje palepale. Tazama kama mkunjo umepita kwenye mstari wala si katikati ya uso wa mtu. Dakika tano hizo mchapaji mwema hatakunyima, na asiye mwema ndiye hasa wa kusimamiwa.

16. Hifadhi, kisha subiri

Weka faili mahali pawili, na nakala tano za karatasi kwenye bahasha. Hizo ndizo zitakazokuombea kazi inayofuata. Baada ya mwezi mmoja mtembelee mteja na uulize wangapi wamepiga simu, na wamesema nini. Wakiuliza jambo ambalo lilikuwamo kwenye kipeperushi, halikuonekana. Lisogeze mbele toleo lijalo.

Na mteja akirudi mwakani kutaka nakala nyingine bila kubadilisha hata neno, mtoze bei ya uchapaji tu. Usanifu alishaulipia.